Kanali Ndiye Mlalamikaji

Raia wengi hulijua baraza la madaktari kwa adhabu zake: fulani kafungiwa, fulani kafutwa kwenye sajili. Hayo ni matukio ya nadra. Siku nyingi za mwaka baraza linasoma. Linasoma vyeti vya vyuo, mitaala, ripoti za wakaguzi wa mitihani, barua za malalamiko, mafaili ya wagonjwa. Halimwoni daktari akiwa wodini; linaona alichokiandika na kilichoandikwa kumhusu. Basi ni haki tulihakiki kama tunavyomhakiki msomaji mwingine yeyote: lilipowekewa mezani karatasi iliyodai jicho kali, liliona nini?

Karatasi ninayoitaka ni cheti cha sentensi mbili, kilichoandikwa Port Elizabeth, Afrika Kusini, tarehe 7 Septemba 1977. Aliyekiandika ni Dkt. Ivor Lang, daktari wa serikali wa wilaya. Aliyepimwa ni Steve Biko, mwenye umri wa miaka 30, kiongozi wa vuguvugu la kujitambua kwa watu weusi, aliyekamatwa tarehe 18 Agosti kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Grahamstown. Siku tano baada ya cheti alikuwa maiti. Chombo chenye mamlaka juu ya Lang kilikuwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Afrika Kusini, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1928 na kuendelezwa na sheria ya mwaka 1974. Ndilo lililowasajili madaktari, likaidhinisha mafunzo yao, likawahukumu.

Kwa Kiswahili, na kwa maneno yangu, cheti kinasema hivi. Sentensi ya kwanza: mwandishi anathibitisha kwamba amempima Steve Biko kufuatia ombi la Kanali Goosen wa Polisi wa Usalama, ambaye alilalamika kwamba aliyetajwa hapo juu hataki kusema. Sentensi ya pili: mwandishi hakuona ushahidi wa kasoro yoyote wala ugonjwa wowote kwa mahabusu huyo. Kisha sahihi, saa nne na dakika kumi asubuhi, na tarehe. Basi.

Tuanze na mlalamikaji. Mwanafunzi wa udaktari, awe Durban, Muhimbili au Makerere, hufundishwa kufungua faili kwa lalamiko la mgonjwa: kilichomleta, kwa maneno yake mwenyewe, na kilianza lini. Hapa lalamiko lipo, tena na kitenzi chake kamili, ila limetoka kinywani mwa kanali. Polisi ndiye anayeumwa, na kinachomuuma ni ukimya wa mtu mwingine. Fani ya faili la hospitali imetunzwa vizuri; aliyebadilishwa ni mtu anayekaa kwenye kiti cha mgonjwa.

Kisha angalia lalamiko lenyewe. Mtu asiyesema anaweza kuwa hawezi au hataki, na kati ya mawili hayo ndipo ilipo kazi yote ya daktari. Cheti kinalipokea jibu la polisi kabla ya kipimo kuanza. Wakati wa uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo hicho, ilielezwa kwamba asubuhi ile Lang aliona jeraha mdomoni, michubuko kifuani, uvimbe wa mikono na miguu, na mtu anayeyumba akitembea, ambaye matamshi yake hayakuwa wazi. Matamshi yasiyo wazi ni matamshi. Huyo alikuwa anajaribu kusema. Lakini sentensi ilikwisha kumweka upande wa wasiotaka, na ikiwa mtu hataki, hakuna cha kutibu.

Majina nayo yana ngazi yake, na ngazi hiyo inashuka. Mara ya kwanza ni Steve Biko. Mara ya pili ni aliyetajwa hapo juu. Mara ya tatu ni mahabusu. Neno mgonjwa halimo. Kwa upande mwingine, Goosen anaingia na cheo chake na kikosi chake, na hashuki daraja hata moja. Mwanafunzi wa fasihi wa kidato cha tano angekwambia nani ni mhusika mkuu wa hadithi hii.

Sentensi ya pili ni ukanushi mtupu. Daktari anayekanusha ugonjwa kwa kawaida husema alitafuta wapi: mapigo ya moyo yalikuwa kadhaa, shinikizo la damu kadhaa, mboni zilipanuka au hazikupanuka, goti lilipogongwa liliruka au halikuruka. Ukanushi wake unakuwa na uzito kwa sababu umejengwa juu ya orodha ya vitu vilivyopimwa. Hapa hapana orodha. Hakuna, hakuna, na sahihi. Kwa kuwa hakuna kilichotajwa kupimwa, hakuna kinachoweza kupingwa kimoja kimoja.

Mahali pekee penye takwimu ni kwenye saa. Saa nne na dakika kumi: usahihi wa dakika kwa tendo ambalo hatuambiwi lilikuwa tendo gani. Naliona hilo kuwa pambo lililopangwa kwa ustadi kuliko yote, hata kama aliyeliweka hakukusudia, kwa sababu macho ya msomaji wa ofisini hutulia kwenye tarakimu na kupumua.

Wapo watakaoniambia kwamba huu ni uongo tu, na uongo hauhitaji mhakiki. Ni kweli kwamba Lang mwenyewe, alipobanwa kizimbani, alikubali kuwa cheti hakikuwa sahihi. Hata hivyo, mwili wa Biko haukuwahi kufika mbele ya baraza. Kilichofika ni karatasi. Na karatasi hii ilikuwa ikijisema yenyewe, bila msaada wa shahidi yeyote, kwamba mwandishi wake alipokea maelezo kutoka kwa askari na kumrudishia askari huyohuyo jibu. Aliyeomba ndiye aliyepewa. Msomaji makini hahitaji kujua chochote kuhusu ubongo ili alione hilo.

Siku zilizofuata maandishi yaliongezeka. Tarehe 8 Septemba alikuja Dkt. Benjamin Tucker, aliyekuwa mkubwa wa Lang kikazi. Biko akapelekwa hospitali ya gereza, akachomwa sindano ya uti wa mgongo, na maji yaliyotolewa yakakutwa na chembe nyekundu za damu. Kwenye karatasi ya kitandani Lang aliandika kwamba hakukuonekana ugonjwa na kwamba majibu ya kipimo hicho yalikuwa ya kawaida. Ni cheti kilekile kimeandikwa upya, safari hii kikiwa na maabara nyuma yake. Mgonjwa akarudishwa mikononi mwa polisi. Tarehe 11 alizidiwa, Tucker akakubali asafirishwe kwa barabara hadi Pretoria, zaidi ya kilomita 1,000, akiwa uchi nyuma ya Land Rover. Hakuna faili lililosafiri naye. Walipotaka polisi karatasi, iliandikwa mara moja. Mara ya pekee ambapo karatasi ingemfaa Biko, kwa maana ya kumwambia daktari wa Pretoria kilichotokea, haikuwepo. Alifariki dunia tarehe 12 Septemba.

Uchunguzi wa mahakama ulianza tarehe 14 Novemba 1977 mjini Pretoria, katika jengo lililowahi kuwa sinagogi. Wakili wa familia, Sydney Kentridge, alimuuliza Tucker kwa nini hakusimama upande wa mgonjwa wake. Jibu la Tucker lilikuwa kwamba hakujua kama katika hali ile daktari anaweza kuupinga uamuzi wa ofisa wa polisi aliye na dhamana. Sikiliza muundo wake: si kwamba alijaribu akazuiwa, wala kwamba aliogopa. Hakujua kama inawezekana. Ni sentensi ya mtu aliyejifunza udaktari wote isipokuwa ule usiokuwa na somo lake katika mtaala.

Na sasa tufike pale baraza linapoingia, kwa sababu hapa ndipo fani inapojirudia kwa namna ya kutisha. Hakimu Marthinus Prins alitoa uamuzi tarehe 2 Desemba: ushahidi uliopo hauthibitishi kwamba kifo kilitokana na tendo au uzembe wa kijinai wa mtu yeyote. Malalamiko dhidi ya madaktari yakapelekwa kwa baraza, likiwemo la mpokea malalamiko wa Baraza la Makanisa la Afrika Kusini. Kamati ya awali ya baraza ikasoma. Mwaka 1980 ikajibu, na baraza zima likaridhia: hakuna ushahidi wa awali wa mwenendo usiofaa.

Weka sentensi hizo tatu pamoja. Daktari: hakuna ushahidi wa kasoro kwa mahabusu. Hakimu: hakuna ushahidi wa kosa la mtu yeyote. Baraza: hakuna ushahidi wa kosa la daktari. Kiunzi ni kimoja. Hakuna hata moja inayosema kwamba Biko alikuwa mzima, au kwamba polisi hawakumpiga, au kwamba Lang alitenda vyema. Zote zinazungumzia ushahidi, na zote zinauzungumzia kana kwamba ushahidi ni kitu kinachokuja chenyewe mezani au kinakosa kuja, si kitu ambacho mwenye macho na mamlaka anapaswa kukitafuta. Baraza lilikuwa na mamlaka ya kuwaita Lang na Tucker na kuwahoji. Lilikuwa na kumbukumbu nzima ya mahakama. Likasoma ukanushi, likaandika ukanushi mwingine chini yake. Sidhani kama hii ni hila tu ya siasa, ingawa siasa ilikuwepo tele. Ni pia tabia ya wasomaji wa taaluma moja, ambao wamezoea kuiamini fani wanayoitumia wao wenyewe kila siku.

Walioisoma upya ni madaktari wenzao. Makundi mawili yalikwenda mahakamani. Miongoni mwao walikuwa Yosuf Veriava, Frances Ames, Trefor Jenkins na Phillip Tobias. Hawakuiomba mahakama iwahukumu Lang na Tucker. Waliomba jambo dogo na la kiufundi kabisa: mahakama iseme kwamba baraza halikusoma ipasavyo. Januari 1985 mahakama mjini Pretoria iliwakubalia, ikaliamuru baraza kufanya uchunguzi. Julai mwaka huo, baraza lilelile, kwa kumbukumbu zilezile, liliona kile ambacho miaka mitano nyuma halikukiona. Lang alipatikana na hatia ya mwenendo usiofaa, akaonywa na kukaripiwa. Tucker alipatikana na hatia ya mwenendo wa aibu, akasimamishwa miezi mitatu, na adhabu hiyo nayo ikaahirishwa kwa miaka miwili. Oktoba, baada ya kelele nyingi, baraza zima likamfuta Tucker kwenye sajili.

Usiofaa, wa aibu: ngazi mbili zilizobeba uzito wote wa hukumu. Sheria inazipanga bila kueleza pale inapoishia ya kwanza na kuanza ya pili. Hata tafsiri ya mwenendo mbaya katika sheria hiyo ya mwaka 1974, kama inavyosomeka sasa, inazunguka palepale. Inasema kwa ufupi kwamba mwenendo mbaya ni mwenendo usiofaa, wa aibu, usio wa heshima au usiostahili, au mwenendo ambao, ukizingatia taaluma ya mhusika, ni usiofaa, wa aibu, usio wa heshima au usiostahili. Sifa nne, kisha sifa zilezile nne. Mwandishi wa kamusi angefukuzwa kazi. Lakini mzunguko huo ni wa makusudi: sheria inakataa kulijaza neno ili wanataaluma walijaze wao. Ni urithi wa Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1858 iliyoanzisha baraza la kwanza la kitaifa ililiachia baraza hilo kuamua nini ni fedheha katika taaluma. Kenya nayo, katika Sura ya 253, iliubeba msemo huo wa fedheha na aibu.

Kwa mhakiki, jinsi baraza lilivyozijaza ngazi hizo mwaka 1985 ni ungamo. Aliyeruhusu safari alipanda ngazi ya juu. Aliyeandika cheti alibaki ya chini, akabaki pia kwenye sajili. Inaeleweka kwa nini safari ilionekana nzito: Tucker alikuwa na cheo na uamuzi ulikuwa wake. Lakini bila cheti cha tarehe 7 na maandishi ya kitandani, hakungekuwa na mtu mzima wa kusafirishwa. Baraza lilihesabu tendo la mkono kuwa zito na tendo la kalamu kuwa jepesi, na hili likafanywa na chombo ambacho kazi yake nzima inategemea kalamu za madaktari kuaminika.

Sajili yenyewe ni fani pia, tena ya kikatili kwa ufupi wake: jina, anwani, shahada, tarehe. Uzuri wake ni kwamba haisemi chochote kingine, na ubaya wake ni huohuo. Biko alikuwa na nafasi ya kuingia katika orodha hiyo. Mwaka 1966 alianza masomo ya udaktari Durban, katika sehemu ya Wasio Wazungu ya Chuo Kikuu cha Natal, hadi alipoondolewa mwaka 1972. Kwenye sajili, shahada ya mweusi na ya mzungu zilisomeka sawa, kwa kuwa baraza liliidhinisha mafunzo yote mawili kuwa yanatosha. Kilichokuwa nyuma ya shahada kilisimuliwa baadaye. Juni 1997 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilisikiliza sekta ya afya mjini Cape Town, na humo kulielezwa jinsi wanafunzi weusi walivyozuiwa kuwagusa wagonjwa wazungu, na jinsi walivyotolewa chumbani maiti ya mzungu ilipopasuliwa. Wakaguzi wa baraza walikuwa wakipita vyuoni miaka hiyo yote. Walihesabu saa za anatomia. Hawakuhesabu nani alikuwa nje ya mlango.

Tucker alirejeshwa kwenye sajili mwaka 1991, baada ya kuomba radhi hadharani. Tamko lake lina thamani ya kusomwa kando ya cheti. Anasema kwamba kwa miaka mingi alijifungamanisha mno na maslahi ya vyombo vya dola, hasa polisi aliofanya nao kazi karibu kila siku, na kwamba ametambua kuwa jambo la kwanza kwa daktari ni hali ya mgonjwa wake. Nafsi ya kwanza imepata kitenzi chenye gharama. Ukanushi umeondoka. Na mgonjwa ametajwa, miaka 14 baada ya Biko kuitwa mahabusu. Siwezi kupima moyo wa mtu kwa sarufi. Ninachoweza kusema ni kwamba huyu sasa anaandika sentensi ambayo mtu anaweza kumshika nayo.

Baraza lile halipo tena kwa jina hilo. Mrithi wake, HPCSA, humtaka daktari akusanye pointi 30 za elimu endelevu kwa mwaka, na kati ya hizo 5 ziwe za maadili, haki za binadamu na sheria ya tiba. Ni hatua, somo ambalo Tucker alidai hakulijua sasa lina nafasi yake kwenye fomu. Kinachonivutia zaidi ni kanuni za maadili za mwaka 2006, zinazoeleza cheti cha daktari kiwe na nini: jina, anwani na sifa za daktari, jina la mgonjwa, namba yake ya kazi inapohusika, tarehe na saa ya kupimwa, kama cheti kimetokana na alichokiona daktari mwenyewe au na maelezo ya mgonjwa, ugonjwa kwa lugha inayoeleweka, mgonjwa akiridhia, siku za mapumziko, sahihi.

Pitisha cheti cha Lang kwenye orodha hiyo. Jina lipo. Tarehe ipo, saa ipo hadi dakika. Amempima mwenyewe, na amesema hivyo. Sahihi ipo. Namba ya kazi ndiyo inayotuambia kanuni hii ilikuwa ikimwogopa nani: mfanyakazi anayetafuta siku tatu za kupumzika, na daktari anayemuuzia. Ni woga wa haki, kila mwajiri wa Dar es Salaam au Durban anaujua. Lakini vyanzo vya maelezo vinavyokubalika ni viwili tu, daktari na mgonjwa, na cha tatu, yule anayesimama mlangoni akisubiri majibu, hakina mstari wake.

Ajabu ni kwamba fomu za polisi zinao. Anayepata jeraha la shambulio Tanzania hupitia kituoni kuchukua PF3, na Kenya ni P3. Wengi wetu tumewahi kuilaani karatasi hiyo, majeruhi akivuja damu huku akitafutiwa muhuri. Fomu ya Kenya inaanza na sehemu ya polisi: ofisa anayeomba uchunguzi, kituo chake, anayepelekwa kupimwa, chini ya ulinzi wa nani, na maelezo mafupi ya kosa linalodaiwa. Ndipo daktari anapewa sehemu yake, imetengwa, aijaze kwa mkono wake. Lalamiko la kanali lingekaa sehemu ya kwanza, na Lang angelazimika kuanza ukurasa wake upya, bila kanali ndani yake, mbele ya nafasi tupu zinazouliza jeraha liko wapi na lina umri wa siku ngapi.